Kongo Iliyohofiwa Kuisha Watu

Roger Casement, Mwayalandi aliyefika Kongo akiwa kijana wa kutafuta riziki, aliifahamu Lukolela mwaka 1887. Ulikuwa mji wa ukingoni mwa mto Kongo, na kwa kumbukumbu yake wakazi hawakupungua 5,000. Alirudi huko mwaka 1903, safari hii akiwa konseli wa Uingereza aliyekuja kuchunguza utawala wa Mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Waliobaki Lukolela walikuwa wamehesabiwa kwa makini, na hawakufika 600. Bolobo, mji uliosemekana kuwa na watu 40,000 katika siku zake njema, ulikuwa na 7,000 au 8,000. Casement aliandika sababu nne alizozisikia na kuziona: malale, afya mbovu kwa jumla, uhaba wa chakula, na namna watu walivyokuwa wakikamatwa na kufanyishwa kazi. Ripoti yake ilipotoka mwaka 1904, Ulaya ilibishana kuhusu mikono ya wenyeji iliyokatwa na askari wa utawala huo. Habari ya miji iliyopukutika ilipita bila kelele nyingi.

Nchi ileile, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 2024 ilikadiriwa na Umoja wa Mataifa kuwa na watu wapatao milioni 109. Kila mwaka huzaliwa humo watoto zaidi ya milioni 4, na wanaofariki ni kama milioni moja. Tofauti kati ya wanaozaliwa na wanaokufa, bila kuwahesabu wahamiaji wala wakimbizi, ndiyo inayoitwa ongezeko la asili. Kwa Kongo ongezeko hilo limezidi asilimia 3 kwa mwaka, na kwa mwendo huo idadi ya watu hujirudia mara mbili kila baada ya miaka ishirini na kidogo.

Jambo hili limezoeleka kuelezwa hivi: Waafrika wamezaa sana tangu enzi za mababu, watoto wakawa wanakufa, kisha zikaja chanjo na dawa, vifo vikapungua, uzazi ukabaki palepale. Nusu ya maelezo hayo ni kweli. Nusu ya pili, kwa sehemu kubwa ya Kongo, haisimami. Yako maeneo ya nchi hiyo ambako wanawake wa miaka ya 1950 walizaa wachache kuliko wajukuu wao.

Tatizo la kwanza la anayesimulia habari hizi ni kwamba hakuna ajuaye Kongo ilianza na watu wangapi. Mpelelezi Henry Morton Stanley alikadiria idadi kutokana na vijiji vya kandokando ya mto alikopita, akaitandaza juu ya bonde zima la Kongo, akatoka na zaidi ya watu milioni 25. Hesabu hiyo haikuwa na msingi, kwa sababu watu hujenga palipo na samaki, mitumbwi na soko, na ndani ya msitu vijiji huachana mwendo wa siku nzima. Mwaka 1919 tume rasmi ya Kibelgiji iliyopewa jukumu la kuwalinda wenyeji ilisema kwamba tangu wazungu waingie, watu wamepungua kwa nusu. Hesabu za kiutawala za miaka ya 1920 zilikuwa zikitoa kama watu milioni 10. Anayeziamini kauli zote mbili atasema milioni 10 walipotea, na ndivyo vitabu vingi vinavyosema. Wanademografia wa Ubelgiji waliorudi nyuma baadaye kwa hesabu za umri na vifo wamepata upungufu mdogo zaidi. Kwa maoni yangu ugomvi huo hautaisha, maana daftari la mwanzo halipo. Ambalo halina ubishi ni kwamba watu walipungua, na kwa miongo kadhaa.

Msomaji wa Kiswahili asijitenge na sura hiyo. Kabla ya wakala wa kwanza wa Léopold kukanyaga Maniema, misafara iliyotoka Zanzibar kupitia Tabora na Ujiji ilikuwa imekwisha kujenga Nyangwe na Kasongo. Tippu Tip, mwandishi wa tawasifu inayosomwa hadi leo kwa lugha yetu, alitawala huko kwa bunduki na pembe za ndovu kabla ya kupewa ugavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Vijiji vilichomwa, vijana wakatekwa, na kando ya njia za misafara ndui ilitembea pamoja na wapagazi.

Kilichofuata magharibi, katika misitu ya mpira, kiliuumiza uzazi kwa namna mbili. Wanaume walikaa msituni wiki nzima kutafuta utomvu wa mpira wa kutimiza kipimo cha utawala wa Léopold, na wake zao wakafungwa vibandani kama rehani mpaka kikapu kijae. Wengi walikufa. Lakini hata waliopona hawakuzaa, kwa kuwa mume hakulala nyumbani, shamba halikulimwa, na mwanamke mwenye njaa hashiki mimba kwa urahisi. Wazee wa mkoa wa Ekweta waliohojiwa na wamisionari baadaye walikumbuka pia kwamba wanawake walikwepa kuzaa ili wasielemewe na mtoto siku ya kukimbilia porini.

Malale nayo ilienea kwa kufuata nyayo za watu. Meli za mvuke, askari waliohamishwa kutoka kambi hadi kambi, wapagazi wa njia ya Matadi, wote walibeba vijidudu vya ugonjwa kutoka kwa mbung'o wa mto mmoja hadi wa mwingine. Ni mkumbo uleule wa miaka ileile uliowaua zaidi ya watu 200,000 huko Busoga, Uganda. Léopold aliwaalika wataalamu wa Liverpool mwaka 1903, na baada ya hapo yakaja makambi ya kuwatenga wagonjwa, hati za kusafiria za kidaktari na sindano za dawa ya aseniki iliyowapofusha baadhi ya waliochomwa. Wanakijiji waliyaita makambi hayo mahali pa kufia, na hawakuwa wanazidisha chumvi.

Vita Vikuu vya Kwanza viliongeza mzigo. Jeshi la Kongo lililoiteka Tabora mnamo Septemba 1916 lilitembea juu ya migongo ya wapagazi zaidi ya 200,000 waliokusanywa katika muda wote wa vita, na wengi hawakuonekana tena kwao. Mafua ya 1918 yakaja yakamalizia.

Wabelgiji walioirithi koloni kutoka kwa mfalme wao mwaka 1908 hawakusumbuliwa na wingi wa watu. Hofu yao ilikuwa uchache. Shaba ya Katanga, dhahabu ya Kilo-Moto, michikichi ya Kwilu na reli vyote vilidai mikono, na mikono haikutosha. Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kwa kuwachukua vijana waseja kwa mikataba ya miezi michache, ikawalaza katika mabanda, na kuwazika kwa wingi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 wakuu wake walikuwa wamegundua kwamba mfanyakazi wa namna hiyo ni ghali. Wakabadili mwenendo: mkataba wa miaka mitatu, nyumba badala ya banda, posho ya chakula kwa mke na kila mtoto, hata mkopo wa mahari kwa asiye na mke. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa hiyo, hakuficha lengo. Alitaka watoto wazaliwe kambini, wakue kambini, wasome shule ya kampuni, na waingie mgodini wakiwa hawajui maisha mengine.

Kambini kulijengwa nyumba za kujifungulia na vituo vya maziwa ambako mama alimleta mtoto apimwe uzito na kupewa chakula cha kuongezea ziwa. Vifo vya watoto vilishuka haraka kuliko mahali pengine popote nchini. Lugha ya watoto hao, waliozaliwa na baba Mluba na mama Mbemba au na wazazi kutoka Ruanda-Urundi, ikawa Kiswahili, na ndiyo maana Lubumbashi inakisema hadi leo ingawa haijawahi kuwa karibu na pwani yoyote.

Serikali ilikopa mbinu za kampuni. Mume wa mke mmoja mwenye watoto wanne au zaidi alisamehewa kodi ya kichwa. Mwenye wake wengi alitozwa ya ziada, na amri ya mwaka 1950 ikazifuta kisheria ndoa mpya za mitala. Mwaka 1933 ilikuwa imetoka amri nyingine, iliyonakili sheria za Ulaya za baada ya vita, ya kupiga marufuku kutangaza na kusambaza njia za kuzuia mimba. Amri hiyo iliishi kuliko wote walioitunga, kama tutakavyoona. Wakati huohuo, mwaka 1937, ofisi iliundwa ya kuwahamishia Wanyarwanda kwenye vilima vya Masisi, kwa hoja kwamba Rwanda imejaa mno na Kivu ina nafasi. Kwa Wabelgiji wale, watu walikuwa wachache mno upande huu na wengi mno upande wa pili wa Ziwa Kivu, na dawa ya yote mawili ilikuwa kuwasafirisha. Wajukuu wa waliosafirishwa wanalipia hesabu hiyo mpaka sasa.

Mahali palipowatisha zaidi ni Ekweta, kwa Wamongo. Padre Gustaaf Hulstaert na mwenzake Edmond Boelaert, wamisionari Wafilemi waliokaa karibu na Coquilhatville, yaani Mbandaka ya leo, walianza miaka ya 1930 kuandika kwamba vijiji vya Wankundo, tawi la Wamongo, havina watoto. Walihesabu nyumba kwa nyumba na kukuta wanawake wazima wasio hata na mmoja, na ndoa zilizovunjika kwa sababu hiyo. Walioandika kuhusu tatizo hilo walitafuta mchawi kila upande. Wengine walisema watu wamekata tamaa ya kuishi baada ya mateso ya mpira. Wengine walilaumu mitala, kuhamahama, au kuporomoka kwa maadili. Kwa wenyewe, utasa ulikuwa na waganga wake, na mwanamke alizunguka kutoka kwa huyu hadi kwa yule akibeba mzigo ambao mara nyingi mumewe ndiye aliyeuleta nyumbani.

Madaktari waliowapima wanawake wa Befale katika miaka ya 1950 walikuta kwa wengi mirija ya uzazi imeziba, alama ya maambukizi ya zamani. Kisonono ndicho kilichokuwa mshukiwa mkuu, na kaswende haikuwa mbali, kwani huharibu mimba zilizokwisha kutungwa. Magonjwa hayo yalipita njia zilezile za askari, mabaharia wa mtoni, makarani wa vituo na vibarua waliotengwa na wake zao. Ekweta haikuwa peke yake. Ukichora mstari kutoka Gabon kupitia kaskazini ya Kongo hadi Uele na nchi ya Wazande kuelekea Sudani, unapata ukanda mzima ambako watoto waliadimika.

Picha kamili ilipatikana mwishoni kabisa mwa ukoloni. Kati ya 1955 na 1957 serikali ilifanya uchunguzi wa sampuli uliomfikia takriban mtu mmoja kati ya kila kumi nchi nzima. Mpaka hapo hesabu zilitegemea daftari za machifu, na chifu alikuwa na sababu za kupunguza idadi ya wanaume, kwa kuwa kila jina lilidaiwa kodi na kibarua. Kijana aliyesikia karani anakuja alikwenda zake kuwinda. Sasa waulizaji walimwendea mama mwenyewe: umezaa wangapi, wako hai wangapi, nani amezaliwa na nani amefariki mwaka uliopita? Anatole Romaniuk, mwanademografia mzaliwa wa Ukraine aliyefanya kazi Kongo na baadaye Kanada, alitumia miaka mingi kuchambua majibu hayo.

Idadi ya watu ilikuwa karibu milioni 13. Kwa wastani mwanamke alizaa kama watoto sita. Lakini wastani huo ulifunika nchi mbili tofauti. Katika nyanda za juu za Kivu, kwenye baridi, maziwa na migomba, mwanamke alizaa saba au zaidi. Katika Tshuapa na Uele ya Chini hakufikisha wanne, na miongoni mwa waliokwisha kupita umri wa kuzaa, zaidi ya theluthi hawakuwahi kuzaa hata mara moja. Mtu angeweza kutembea kutoka Bukavu hadi Buta bila kuvuka mpaka wa nchi, akawa ametoka penye watoto wengi kuliko karibu popote duniani na kufika penye wachache kama Ulaya ya wakati wake.

Utasa huo ulivyotoweka haukumletea mtu sifa. Penisilini iliingia Kongo kwa wingi baada ya Vita Vikuu vya Pili, na sehemu kubwa ilitumika kwenye kampeni za buba, ugonjwa wa ngozi uliowala watoto wa msituni. Sindano iliyotibu buba ilitibu pia kaswende, na mara nyingi kisonono, bila mgonjwa wala mchomaji kukusudia. Msichana aliyevunja ungo mwaka 1955 aliingia katika ndoa akiwa na nafasi ya kuzaa ambayo mama yake hakuipata. Malale pia ilikuwa imebanwa: mfuko wa tiba uliobeba jina la Malkia Elisabeth, ulioanzishwa mwaka 1930, ulipeleka timu za kuwapima watu kijiji kwa kijiji, na kufikia uhuru wagonjwa wapya waliogunduliwa kwa mwaka walikuwa wamebaki kama elfu moja na ushei.

Liko jambo la pili lililoongeza uzazi, na hili Wabelgiji walilitaka ila hawakujua litafika wapi. Katika jamii nyingi za Kongo mama aliyejifungua hakukaribiana na mumewe mpaka mtoto atembee vizuri, pengine miaka miwili au mitatu, kwa hofu ya kumbemenda. Watu wa Pwani na Bara wanaijua hofu hiyo vizuri. Nafasi kati ya mtoto na mtoto ilitokana na mwiko huo pamoja na kunyonyesha kwa muda mrefu, ambako kwenyewe huchelewesha mimba. Mitala iliurahisishia mume uvumilivu. Basi padre alipoihubiri ndoa ya mke mmoja, na kituo cha maziwa kilipomwambia mama amwachishe mtoto mapema, breki mbili za uzazi zililegezwa kwa pamoja. Mjini ambako mume, mke na watoto walilala chumba kimoja bila bibi wa kusimamia, mwiko ulikufa haraka zaidi. Mwaka 1980 Romaniuk aliandika hitimisho lililowashangaza wenzake: usasa, ulioaminika kupunguza uzazi, katika hatua zake za kwanza nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ulikuwa umeuongeza.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikiwa na watu kama milioni 15. Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya maasi, majimbo kujitenga na hospitali kukimbiwa na madaktari, karibu wote wakiwa Wabelgiji, kwa kuwa koloni halikuwa limemhitimisha daktari Mkongo hata mmoja. Kwa kawaida ya historia tungetarajia watu wapungue. Hawakupungua. Hesabu ya kiutawala ya mwaka 1970 ilitoa milioni 21.6. Hata ukikata sehemu kwa ajili ya machifu ambao sasa walikuwa na sababu ya kuzidisha badala ya kupunguza, ni wazi gari lilikuwa limeshika mteremko.

Mobutu Sese Seko alikuwa miongoni mwa marais wa kwanza wa eneo lile kulizungumza suala la uzazi hadharani. Mwishoni mwa mwaka 1972 aliliambia bunge lake kwamba familia zizae watoto zinaowataka na kuwaweza, na mwaka uliofuata likaundwa baraza la kitaifa la kile kilichoitwa “uzazi unaotakiwa”. Maneno yalichaguliwa kwa uangalifu. Hayakutaja kupunguza wala kuzuia, kwa sababu Kanisa Katoliki lilikuwa likisikiliza, na kwa sababu rais aliyependa kujiona kiongozi wa taifa kubwa hakutaka watu wachache. Kliniki ya kwanza iliwekwa katika hospitali ya Mama Yemo mjini Kinshasa, iliyopewa jina la mama mzazi wa rais. Mradi mkubwa zaidi wenye fedha za Marekani ulianza mwaka 1982. Na wakati wote huo amri ya mwaka 1933 ilibaki katika vitabu vya sheria, kwa hiyo muuguzi aliyetoa vidonge kwa maagizo ya serikali alikuwa, kisheria, akivunja sheria ya serikali. Ni sheria ya afya ya Desemba 2018 ndiyo iliyouruhusu waziwazi uzazi wa mpango.

Mradi wa miaka ya 1980 haukufika mbali na barabara za lami. Uporaji wa askari mwaka 1991 na tena 1993 uliwafukuza wafadhili, na maghala ya kliniki yakabaki matupu.

Kabla ya hapo Zaire ilikuwa imefanya kitu kimoja kwa ukamilifu. Julai 1984 iliendesha sensa ya kisayansi, ya kwanza katika historia yake, ikapata karibu watu milioni 30. Tangu siku hizo hakujafanyika nyingine. Marais wanne wameongoza, jina la nchi limebadilishwa, mikoa imegawanywa kuwa 26, na kila takwimu ya idadi ya Wakongo unayoisoma gazetini ni makadirio yaliyojengwa juu ya ile ya 1984. Chanjo zinagawiwa kwa makadirio hayo katika kanda za afya zaidi ya 500, na ndiyo maana baadhi yake huripoti kuchanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake. Anayecheka na akumbuke kwamba jirani na kanda hizo huenda ipo nyingine ambayo chupa zake za chanjo huisha kabla ya foleni.

Ombwe hilo lilileta ugomvi mzito zaidi wakati wa vita vilivyozuka mwaka 1998. Shirika la International Rescue Committee lilifanya uchunguzi mara kadhaa kuanzia mwaka 2000 na kutangaza kwamba kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007 vita viliua watu milioni 5.4 zaidi ya ambao wangekufa kwa kawaida, wengi wao kwa malaria, kuhara na utapiamlo. Idadi hiyo ilizunguka dunia. Wakosoaji wakauliza: kawaida ipi? Shirika lilichukua wastani wa vifo vya Afrika kusini mwa Sahara, ilhali Kongo ilikuwa na vifo vingi kuliko wastani huo hata kabla ya risasi ya kwanza. Wanademografia wawili wa Kibelgiji, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, waliorudi nyuma kutoka kwenye daftari la wapiga kura la 2005 na 2006, walipata vifo vya ziada kama 200,000 tu. Kati ya laki mbili na milioni tano na nusu pana nafasi ya kutosha kila upande wa kisiasa kujichagulia ukweli wake. Mimi naona makadirio ya juu yalizidi na ya chini yalipungua, lakini nisingeweza kumlaumu aliyewahesabu watu wanaokimbia.

Hata tukiyachukua makadirio ya juu kabisa, idadi ya watu haikushuka katika miaka hiyo tisa. Nchi ya watu milioni 50 inayoongezeka kwa asilimia 3 hujaza milioni moja na nusu kwa mwaka. Vita viliwaua watoto Ituri na Kivu wakati Kasai, Bandundu na Kinshasa zikizaa. Ndiyo tofauti na siku za Léopold: wakati ule vifo viliongezeka na uzazi ukaanguka pamoja, sasa uzazi haukutikisika.

Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa 2013 na 2014 unaonyesha jinsi ramani ilivyogeuka. Kwa kiwango cha uzazi cha wakati huo, mwanamke wa Kongo angezaa wastani wa watoto 6.6, zaidi ya nyanya yake wa mwaka 1955. Kasai Magharibi walikuwa 8.2, Katanga 7.8. Na Ekweta, ile Ekweta ya Padre Hulstaert iliyokuwa ikiandikiwa tanzia, walikuwa 7.0. Kinshasa peke yake ilijitenga kwa 4.2, kwa sababu ambazo mkazi yeyote wa jiji la Afrika anazijua: kodi ya chumba, ada ya shule, msichana anayemaliza sekondari kabla ya kuolewa. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano, vilivyokuwa 148 kwa kila 1,000 katika uchunguzi wa mwaka 2007, vilikuwa vimeshuka hadi 104. Ni karibu mama mmoja tu kati ya kumi na wawili walioolewa aliyetumia njia ya kisasa ya uzazi wa mpango.

Uchunguzi uliofuata, wa 2023 na 2024, ulitoa wastani wa 5.5. Kwa mara ya kwanza tangu penisilini, mshale umeelekea chini kwa kiasi kinachoonekana. Rwanda na Kenya zilipita hapo zamani, nazo zilishuka haraka baada ya wasichana kujaa shuleni na vidonge kufika kwenye zahanati za vijijini. Kongo ina zahanati ambazo huhitaji siku tatu za pikipiki na mtumbwi kuzifikia, kwa hiyo sioni sababu ya kutarajia mwendo uleule.

Na hata mshale ukiendelea kushuka, idadi haitasimama karibuni. Karibu nusu ya Wakongo hawajatimiza miaka 15. Wasichana watakaozaa katika miaka ya 2030 wamekwisha kuzaliwa, nao ni wengi kuliko mama zao kwa mbali, kwa hiyo hata kila mmoja akiamua kuzaa watatu pale mama yake alipozaa sita, vyumba vya kujifungulia vitaendelea kujaa. Umoja wa Mataifa unakadiria watu wapatao milioni 218 ifikapo mwaka 2050. Makadirio hayo nayo yanaanzia kwenye sensa ya Julai 1984, na wengi wa wanaozaa leo hawakuwa wamezaliwa ilipofanyika.